Bendi ya Zamani Ikirudiana, Gitaa ni la Nani?

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira)

 

Leo hatuzungumzi juu ya kuku wala ndizi wala maziwa. Tunazungumza juu ya wazee waliokuwa na bendi katika ujana wao, bendi ikavunjika, na sasa wanataka kupiga pamoja tena. Ofisini kwetu wamefika watu wa namna hii zaidi ya mara moja. Wanakuja wawili watatu, wamevaa koti, wanauliza habari za mvua na bei ya majani chai, wanazunguka maneno. Halafu mmoja anasema, tunataka kuandikisha kikundi. Kikundi cha nini, mzee? Anamtazama mwenzake. "Cha gitaa."

Vijana wengine hapo nje hucheka. Lakini hebu tufikirieni. Mzee wa miaka sabini na zaidi akiandikishwa Inua Jamii anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo zinaisha kwa sukari, dawa ya presha na karo ya mjukuu. Wakati huohuo kila Jumamosi hapa kwetu kuna arusi, kuna mazishi, kuna sherehe ya shule, na watu wanakodi spika kutoka mjini ili zipige nyimbo za watu wengine. Mzee anakaa kwenye kiti cha plastiki anasikiliza, na yeye anajua kupiga. Kwa hiyo wakisema wanataka kurudiana, sisi tunaona kuna kazi hapo, na kuna heshima pia.

Shida ni kwamba wengi wanadhani kurudiana ni kukumbuka nyimbo. Nyimbo ni sehemu rahisi. Swali la kwanza ni gitaa ni la nani.

Zamani swali hilo halikuwepo. Mzee wa obokano alikuwa na chombo chake mwenyewe, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, bakuli la mti lililofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Akialikwa alikuja nacho, akishukuriwa alirudi nacho. Alipozeeka, chombo nacho kilizeeka kikiwa kimeegemea ukuta wake. Hakuna mtu angeweza kumwambia, leo usipige.

Gitaa la umeme lilileta mambo mengine. Gitaa linataka amplifaya, amplifaya linataka umeme au jenereta, na kijana wa miaka ishirini hana kitu. Mwenye baa ndiye aliyekuwa na pesa. Alinunua vyombo, akawaita vijana, wakampigia Ijumaa mpaka Jumapili. Walioendelea kidogo walikwenda kurekodi santuri Nairobi, au hapa jirani Kericho kwa Chandarana, ambako wanamuziki wengi wa pande zetu za magharibi walirekodi, Wakisii wakiwemo. Jina likasikika. Halafu baa ikafungwa, au mwenye baa akakosana nao, na vyombo vikaenda na mwenyewe. Mmoja akaenda kufundisha shule, mwingine kiwanda cha majani chai, mwingine jua kali Nairobi. Hivyo ndivyo bendi nyingi zilivyokufa, na wapigaji wake walikuwa wazima na nguvu zao.

Msidhani ni sisi Wakisii tu. Nchi jirani ya Tanzania jambo hili lilikuwa kama kanuni. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Tuwe wakweli, huko wapigaji walikuwa na mshahara, na mshahara ni afadhali kuliko kusubiri pesa za mlangoni kama huku kwetu. Lakini mtu angeweza kujulikana nchi nzima, watoto wakaimba nyimbo zake njiani, na nyumbani kwake hakuna hata waya mmoja wa gitaa. Siku anapoachishwa au anapozeeka, amebaki na vidole tu.

Sasa, mwaka 1993 kulitokea jambo Dar es Salaam ambalo tunataka mlijue vizuri. Wanamuziki wakongwe waliokuwa wamekaa bila kazi walikusanyika wakaanzisha bendi wakaiita Shikamoo Jazz. Jina lenyewe linachekesha na lina adabu, maana shikamoo ndiyo salamu tunayompa mkubwa wetu. Si wote waliwahi kupiga bendi moja. Salum Zahoro alikuwa wa Kiko Kids ya Tabora. John Simon alikuwa wa Jamhuri Jazz ya Tanga. Hao ni watu ambao ujana wao walikuwa wakishindana, kila mmoja na mashabiki wake. Uzeeni wakakaa jukwaa moja. Na Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliimba nao. Mwaka 1995 ikatoka albamu yao, Chela Chela, na wakafika mpaka Uingereza kupiga.

Iliwezekanaje? Kulikuwa na shirika la HelpAge, ambalo kazi yake ni mambo ya wazee. Wengine wangewapa wazee blanketi na unga. Hawa waliwasaidia kupata vyombo. Tunawaomba mlifikirie hilo, nyinyi mnaoandika barua za kuomba msaada kila mwaka. Unga ukiisha umeisha. Mzee mwenye gitaa mkononi anaweza kualikwa arusi wiki hii na wiki ijayo. Lakini msitoke hapa mkaenda kumtafuta mfadhili wa Uingereza. Tunawajua. Mfadhili akikosekana mtasema muziki umeshindikana. La muhimu ni kwamba safari hii mzee hakuwa mgeni wa chombo cha mtu.

Wengine hawakuwahi kufika hapo, na hili ndilo linatufanya tuharakishe. Wote hapa mnaijua Simba Wanyika ya ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga wakaja kupata jina hapa Kenya. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walitoka wakaanzisha Les Wanyika, akaja John Ngereza, na Sina Makosa ikaimbwa Afrika Mashariki yote. Ingekuwa vizuri namna gani kuwaona wote jukwaa moja wakiwa na mvi! George alifariki 1992, Wilson 1995, Ngereza 1999. Basi. Na hapa kwetu Christopher Monyoncho, aliyetuimbia kwa Ekegusii na gitaa la benga, tulimzika 2013. Anayesema tutarudiana mwaka ujao, ahesabu kwanza.

Waliowahi wapo. Les Mangelepa walitoka kwa Baba Gaston mwaka 1976 hapo Nairobi wakaanzisha bendi yao, na Nyako Konya ikachezwa mpaka sokoni Keroka. Mwaka 2017, zaidi ya miaka arobaini baadaye, waliobaki walitoa albamu ambayo ndani yake walipiga upya nyimbo zao za zamani. Sauti zimekuwa nzito kidogo. Sisi tunaziona ni nzuri zaidi, ingawa katibu wetu hakubali.

Turudi nyumbani. Kuna wazee upande wa Nyamira, majina yao tunayaacha kwao. Walikuwa sita, wakipiga miaka ya 1970 sokoni na kwenye baa. Walivunjika kwa sababu ya amplifaya lililotoweka. Kila mmoja akaenda zake, wakawa wanapishana njiani kwa salamu tu. Kisha wa sita, ambaye ndiye alikuwa mtunzi, akafa. Mazishini wale watano walijikuta benchi moja, na spika za kukodi zilikuwa zinapiga kaseti ya kwaya. Walipokuwa wanaondoka mmoja akasema, huyu tungempigia sisi. Wiki mbili baadaye walikuwa ofisini kwetu.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa furaha tupu. Mazoezi ya pili mmoja hakuja. Ya tatu wakaja wawili. Tukamtembelea yule wa gitaa la solo, yeye akasema ana mafua. Mke wake ndiye aliyetusindikiza mpaka kwenye mti wa parachichi akasema polepole, "Kuna maneno ya amplifaya."

Tuliwaomba wakae siku moja bila gitaa hata moja. Chai na viazi tu. Ndipo ikatoka. Wenzake walisema wa solo ndiye aliyeliuza. Yeye akasema mwenye nyumba alilichukua kwa deni la kodi, na yeye aliweka sahihi kwa sababu wengine walikuwa wamekwenda nyumbani Krismasi. Deni lilikuwa shilingi 340. Ushahidi hakuna, mwenye nyumba alishakufa. Wakanyamaza muda mrefu. Kisha wa besi akasema neno ambalo hatutalisahau: "Mimi nimewaambia watoto wangu miaka arobaini kwamba huyu ni mwizi. Wanamsalimu wakijua ni mwizi."

Hakuna aliyedai mbuzi. Wa besi alikwenda nyumbani, akawaita wanawe, na wa solo akiwepo akawaambia kwamba lile jambo hakuliona kwa macho yake na hatalisema tena. Jumamosi iliyofuata wote watano walikuja mazoezini na mapema, wakatungoja sisi wenye ufunguo wa darasa.

Tunasema hili kwa urefu kwa sababu vikundi vingi mnapenda kuanza na katiba na akaunti ya benki. Bendi ni watu waliowahi kugawana pesa. Kila bendi iliyovunjika ina amplifaya lake. Likizungumzwa baada ya gitaa kununuliwa, gitaa nalo litaondoka.

Sasa mambo ya mikono. Vidole vinasahau. Kule Senegal kulikuwa na Orchestra Baobab, bendi ya Dakar iliyoanza 1970, ikanyamaza miaka ya 1980, ikarudi 2001. Mpiga gitaa wao wa solo, Barthélemy Attisso, katikati hapo alikuwa amerudi kwao Togo anafanya kazi ya uwakili. Alikuwa hajagusa gitaa miaka mingi, ikabidi ajifundishe upya kabla ya kupanda jukwaani. Wakili mzima, na sifa zake zote! Basi mzee wa Nyamira naye asione haya kukaa na mjukuu jioni anatafuta nyuzi. Na nyimbo zilizoimbwa juu mzishushe, koo la miaka sabini si la miaka ishirini na tano. Wale watano waliimba wimbo wao wa kwanza mahali pale pa zamani, wa sauti akakohoa mpaka tukaleta maji. Walipoushusha, ukakaa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalielewi, ila nyinyi mtalielewa. Nyimbo za baa za ujana ni nyimbo za wasichana, na nyingine zina maneno makali. Sasa mwimbaji ni baba mkwe. Mbele yake wameketi wakwe zake na wanawe, na sisi Abagusii tuna chinsoni. Atafungua kinywa namna gani? Wale wazee walikaa wakachambua. Tatu waliziweka kando kabisa. Mbili wanazipiga gitaa tupu bila maneno, na wazee wenzao walioko chini ya hema wanajua maneno yaliyoachwa, wanatazamana wanacheka. Akina mama hujifanya hawajui. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote katika onyesho.

Juu ya kuandikisha. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Bendi ina watano. Wengine wanakata tamaa hapo, na wengine wanaokota majina ya majirani ili idadi itimie, jambo ambalo baadaye linaleta kelele, kwa sababu jirani akisikia kuna pesa atakumbuka kwamba yeye ni mwanachama. Wale wa Nyamira waliwaandika wake zao watatu, wajukuu wawili wanaobeba spika na kufunga waya, na mjane wa yule mtunzi. Kumi na moja. Mweka hazina ni mmoja wa wale akina mama, na hatujasikia tena habari za kitu kutoweka.

Mjane ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. Siku walipopata kazi ya kwanza ya kulipwa, alisimama akasema, nyimbo nne kati ya hizo ni za mume wangu, mimi naingia wapi? Kukawa kimya. Mmoja akasema marehemu hayupo hapa kupiga. Mama akajibu, lakini yupo hapa kuimbwa.

Sheria iko upande wake. Wimbo ni mali ya mtunzi maisha yake yote, na akifa hubaki mali ya warithi wake kwa miaka 50. Kazi inaweza kuandikishwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na ni vizuri kuandika jina la mtunzi pale na si jina la bendi tu. Lakini wazee hawakungoja sheria. Waligawa mapato mafungu sita badala ya matano, baada ya kutoa ya usafiri na ya kikundi. Fungu la sita ni la nyumba ya mtunzi. Mmoja alinung'unika, na bado ananung'unika, na anaendelea kupiga.

Na jina la bendi liandikwe ni la nani. Wenge Musica ya Kinshasa ilipogawanyika mwaka 1997, JB Mpiana alibaki na Wenge yake na Werrason akabaki na Wenge yake, na mashabiki wakagombana miaka na miaka wakilitamka jina lilelile. Tarehe 30 Juni 2022 walipanda jukwaa moja tena katika uwanja wa Martyrs. Robo karne! Hao ni watu wenye magari na walinzi. Nyinyi hamna muda huo, andikeni mapema.

Gitaa lenyewe sasa. Wale wazee walianza kwa kukodi. Kila mwanachama alitoa shilingi mia moja kwa wiki, na kila kazi ya kulipwa fungu moja likaingia kwa kikundi. Mpaka sasa wana gitaa mbili na amplifaya dogo. Dramu bado ni za kukodi. Katika katiba yao kuna kifungu walichotunga wenyewe, sisi tuliwasaidia mwandiko tu: chombo cha kikundi hakiwekwi dhamana ya deni la mtu yeyote, hakirithiwi na mtoto wa yeyote, na hakilali kwa mtu mmoja zaidi ya wiki mbili. Kile cha dhamana walikipigia kura wote kumi na mmoja wakiwa wamesimama. Wa solo ndiye aliyekipendekeza.

Mmeuliza juu ya santuri na kaseti za zamani mlizo nazo nyumbani. Msiziweke darini chini ya bati, joto linazikunja. Zifungeni kwa karatasi, zisimame wima kama vitabu, mahali pakavu. Na kabla ya kuzileta ofisini, keti na mzee aliyekuwepo siku ya kurekodi mwandike: solo nani, rithim nani, besi nani, dramu nani, sauti ya pili nani, nani alitunga, na kama amefariki, watu wake wanakaa wapi. Jina la mwenye baa mnaweza kuliandika mwisho. Karatasi ziko mezani kwa katibu, na kalamu mturudishie.